Hisa Zinapaa, Gari Halina Spea

Siku hizi humalizi kikombe cha kahawa kijiweni bila mtu kukutajia hisa za Marekani. Zamani tuligombania Simba na Yanga, kisha ikaja mikeka, sasa kijana ana programu kwenye simu, kanunua kijipande cha hisa ya kampuni ya magari ya umeme, na tayari anaongea kama mjumbe wa bodi. "Mzee wangu, gari halina oili, halina plagi, halina gia boksi. Sasa litaharibika nini?"

Tulisonya kwa pamoja mpaka muuza kahawa akageuka.

Haki yake tumpe. Mota ya umeme kweli ina vipuri vichache vya kusagika, na fundi wa kumwaga oili hana kazi nayo. Ila swali lake lina jibu, na jibu lilitoka hukohuko Marekani mwaka 2024. Itakayoharibika ni kampuni, na ikiharibika inaondoka na gari lako.

Mnaikumbuka Fisker? Mwenyewe Henrik Fisker ni mchoraji wa magari mwenye jina, mkono wake umepita kwenye BMW na Aston Martin. Kampuni yake ya kwanza ya magari ya umeme ilifilisika mwaka 2013. Akaanzisha nyingine, na wenye pesa wakarudi kumpa tena kana kwamba hawajasikia kitu. Gari likatoka, Ocean, limeundwa na kampuni ya Magna kule Graz, Austria. Sura nzuri, wala hatubishi. Kufika Juni 2024, mwaka mmoja tu tangu wateja waanze kukabidhiwa magari, kampuni ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai.

Sasa sikilizeni. Yalibaki magari zaidi ya 3,000 ambayo hayajauzwa, kampuni moja ya kukodisha magari kwa madereva wa teksi New York ikakubali kuyabeba kwa wastani wa dola 14,000 hivi kila moja, wakati matoleo ya juu yalikuwa yakiuzwa zaidi ya dola 60,000. Bei ya kutupa! Lakini mambo yakakwama mahali ambapo fundi wetu wa gereji asingewaza hata kidogo: seva. Magari yale yanaongea na kompyuta za kampuni kupitia mtandao, huko ndiko yanakopata marekebisho ya programu, na katikati ya mauzo Fisker ikasema haiwezi kuyahamishia kwenye seva ya mtu mwingine. Umenunua gari, funguo unazo, akili ya gari iko kwa marehemu. Wenye Ocean waliokwishanunua ikabidi waunde chama chao, wakatafutiane spea na watu wa kuingilia programu. Mtu kalipia gari kapata na uanachama!

Ndiyo maana huyu kijana akinitajia kasi ya sifuri hadi mia kwa sekunde tatu, namuuliza kampuni ina pesa za miezi mingapi. Ananiona mshamba.

Halafu kuna ile ya Nikola, kampuni ya malori, na hiyo ndiyo inayotupa raha hapa kijiweni, tukiisimulia hata asubuhi tunacheka. Juni 2020 Nikola iliingia sokoni kwa mlango wa uani, yaani kwa kuungana na kampuni tupu iliyokwisha orodheshwa, yenye pesa lakini isiyo na biashara. Mlango huo ulipendwa sana miaka ile kwa sababu ulikuruhusu kuwaambia watu utauza nini miaka mitano ijayo, jambo ambalo mawakili wa mlango wa mbele hulikwepa. Siku chache tu, thamani ya Nikola ikaipita Ford. Ford ile ile ya Henry Ford! Nikola yenyewe haikuwa imeuza lori hata moja.

Ahadi ilikuwa na video. Lori linakata barabara jangwani, lina mwendo, linapendeza. Septemba mwaka huohuo wachunguzi wa Hindenburg Research wakatoa ripoti: lori lilivutwa hadi juu ya mteremko huko Utah, breki zikaachiwa, likateremka lenyewe huku kamera ikipiga. Waendesha mashtaka waliongeza baadaye kwamba mlango ulikuwa umebandikwa utepe usije ukadondoka. Na kampuni ilijibu nini? Ikasema haijawahi kudai kwamba lori lilikuwa linajiendesha kwa nguvu zake. Video ilisema tu kwamba liko kwenye mwendo. Mfyuu! Kwa hoja hiyo hata jiwe likiporomoka Uluguru liko kwenye mwendo.

Hindenburg nao hawakuwa malaika, tusidanganyane. Walikuwa wakikopa hisa, wakiziuza, kisha wakitoa ripoti. Bei ikianguka walizinunua kwa bei ya chini, wakarudisha walizokopa, tofauti mfukoni. Lakini anayefaidika na ubaya wako si lazima awe mwongo. Trevor Milton, mwanzilishi, alitiwa hatiani 2022, akahukumiwa miaka minne 2023, na Machi 2025 Rais Trump akamsamehe. Kampuni ilikuwa imeshaomba kufilisika mwezi mmoja kabla. Yeye kasamehewa, walionunua hisa zikiwa juu nao wanasubiri wa kuwasamehe.

"Mzee, unataja matapeli tu. Mbona Tesla humtaji?"

Namtaja. Tesla iliingia sokoni Juni 2010 kwa dola 17 kwa hisa, na kipindi cha kuanza kutengeneza Model 3, kwa maneno ya bosi wake, Elon Musk, mwenyewe, ilibaki kama mwezi mmoja ife. Walioisonya wakati ule wakacheza kamari ya kuanguka kwake walipoteza mabilioni, kwani Oktoba 2021 thamani ilivuka dola trilioni moja. Kwa hiyo kusonya peke yake si maarifa, hilo nalikubali mbele ya mashahidi. Lakini hata huko chuja maneno. Musk aliahidi kwamba kabla mwaka 2017 haujaisha gari litatoka Los Angeles hadi New York bila mtu kugusa usukani. Mwaka 2019 akasema mwaka ujao kutakuwa na teksi zisizo na dereva zaidi ya milioni. Teksi zilianza Austin Juni 2025: magari machache, na msimamizi kakaa kiti cha mbele cha abiria. Na Aprili 2024 Cybertruck 3,878 ziliitwa zirekebishwe kwa sababu kifuniko cha pedali ya mafuta (tuiite hivyohivyo) kilikuwa kinachomoka na kunasa, gari linabaki linakimbia. Chanzo? Kiwandani mtu alipaka sabuni ili kifuniko kiingie kirahisi. Teknolojia ya kesho, sabuni ya leo.

Lakini Tesla ilikuwepo kuyarekebisha, na hapo ndipo ninaposimama. Angalieni General Motors. Chevrolet Bolt yao ilikuwa inawaka moto ikiwa imeegeshwa, kwa kasoro ndani ya betri za LG. Mwaka 2021 waliyaita magari yote, zaidi ya 140,000, wakawaambia wenye nayo wayalaze nje na wasichaji hadi mwisho. Aibu tupu. Hata hivyo betri zilibadilishwa, na sehemu kubwa ya gharama ikabebwa na LG. Ukinipa gari baya la kampuni yenye mfuko na gari zuri la kampuni inayohema, nachukua baya.

BYD ya China ndiyo inayotusumbua, maana haina maneno mengi. Wang Chuanfu ni mkemia, alianzia betri Shenzhen mwaka 1995 kabla ya kugusa gari. Mwekezaji Warren Buffett aliingia 2008 kwa dola milioni 230 kwa ushauri wa mshirika wake Charlie Munger, akakaa zaidi ya miaka kumi bila kuuza. Betri zao ni za chuma na fosfati, hazishiki moto haraka kama zile za nikeli na kobalti. Kobalti nyingi ya dunia, zaidi ya asilimia 70, inachimbwa Kongo, na Kolwezi inachimbwa na watu wanaogombana kwa Kiswahili hikihiki chetu. Mkemia wa Shenzhen akibadilisha mchanganyiko, mchimbaji wa Kolwezi anauona kwenye bei. Wenye programu za simu hawaulizi habari zake hata siku moja.

Basi wewe unayetaka kununua, iwe hisa au gari lenyewe, muulize anayekuuzia: programu inategemea seva ya nani, spea ziko ghala gani, betri ina dhamana ya miaka mingapi na imeandikwa na nani. Akianza kukuimbia kasi na grafu, lipia kahawa yako uondoke.