Mizani Iliyokataa Nne

Nimeshuhudia mafundi wawili wazima wakinuniana kwa sababu ya pini mbili. Kwenye kichwa cha siriali cha pini 9, upande wa kompyuta, pini ya 2 hupokea na ya 3 hutuma. Hamia kwenye kichwa cha zamani cha pini 25, mambo yanageuka: ya 2 hutuma, ya 3 hupokea. Wamarekani waliotoa kanuni ya RS-232 mwaka 1960 hawakuwa na habari na Nkome, hao nawasamehe. Ila IBM, walipoleta kile kichwa kidogo cha pini 9 mwaka 1984, nani aliwatuma kuzipindua? Tangu hapo fundi anayeunga kebo kwa kukariri anapata vifaa viwili vinavyotuma kwa pamoja na hakuna kinachopokea, kama washenga wawili kwenye kikao cha mahari, kila mmoja anataja idadi yake ya ng'ombe na hakuna anayemsikia mwenzake.

Nkome iko ufukweni mwa Ziwa Victoria, wilaya ya Geita, ukishaipita Nzera. Watu wa mbali wakisikia Geita wanawaza dhahabu tu, wakidhani sote tunalala na karai na kuamka na tochi kichwani. Nkome inaishi kwa samaki. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa; mbalamwezi ikikomaa mitumbwi yao hupumzika, na ndipo wenye mali mwaloni hukumbuka kwamba kuna viumbe wanaoitwa mafundi. Sangara hawajali mwezi. Hao huja kila siku na kila siku hupimwa.

Tajiri mmoja wa pale alikuwa na mizani ya kidijitali bandani, karibu na maji, na ofisi juu mwinukoni, mbali na harufu. Alitaka kilo zinazosomeka bandani zisomeke ofisini papo hapo, kwa kuwa karatasi ya karani ilikuwa na tabia ya kunenepa njiani. Banda na ofisi vilitenganishwa na umbali ambao siriali haiuwezi. Kanuni ile ya zamani iliipa kebo futi 50, yaani kama mita 15. Kwa hiyo tukaweka seva ya teminali: kisanduku cha bati chenye matundu manane ya siriali upande mmoja na tundu la mtandao upande wa pili. Mizani inaongea siriali na kisanduku, kisanduku kinapeleka maneno ofisini kwa kebo ya mtandao, ambayo inaruhusiwa kufika mita 100. Kwingine visanduku hivi huwasaidia wataalamu waliovaa tai kuamsha mitambo iliyozimia bila kuinuka kwenye viti vyao. Huku kwetu vinapima sangara, na sijaona kama vimeshuka cheo.

Kulikuwa na sababu nyingine ya kukwepa waya mrefu wa siriali: radi. Ziwa letu hupiga radi usiku kuliko sehemu nyingi za dunia, na waya unaofunga majengo mawili yenye arthi tofauti ni kuiandikia radi barua ya mwaliko. Tundu la mtandao angalau lina vijitransfoma ndani vinavyotenganisha umeme wa huku na wa kule. Nilimweleza tajiri haya yote kwa kirefu. Akauliza kama kisanduku kinapatikana cha rangi ya bluu.

Safari ya kwenda kazini ilikuwa na aibu yake. Nilikuwa kwenye mchomoko kutoka Geita mjini, tumebanana, simu ikaita. Muuza vifaa alitaka kuhakikisha oda yangu, na mtandao wa simu siku hiyo ulitaka mtu apaze sauti. "Dume ninalo!" nikasema. "Ninachotaka ni jike! La pini tisa! Hapana, hilo lingine ni kubwa mno, halitakaa!" Mama aliyebanwa kati yangu na gunia la mchele alimhamishia mtoto wake paja la pili. Nikamwambia, "Mwangaluka, mayu," kwa adabu yote niliyofundishwa nyumbani. Hakuitikia mpaka Nzera.

Kebo ya mtandao aliinunua tajiri mwenyewe, Mwanza, kwa bei nzuri. Bei nzuri ya kebo ni dalili ya ugonjwa. Nikakwangua waya mmoja kwa kisu mbele yake: chini ya wekundu kukawa na weupe. Alumini iliyopakwa shaba, hukatika ukiipinda mara chache tu.

"Lakini kwa nje ni shaba?" akauliza.

"Kwa nje ni shaba, tajiri."

"Na nani ataichungulia kwa ndani?"

Tukaivuta hivyohivyo.

Kufunga vichwa tulifunga gizani maana umeme ulikatika, na msaidizi niliyepewa alikuwa mpwa wa tajiri, kijana mwenye bidii na tochi ya wachimbaji kichwani. Mpangilio unajulikana: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, bluu, bluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Kwa mwanga wa tochi ile, chungwa na kahawia ni ndugu wa tumbo moja. Kijana akabadilisha jozi hizo mbili kwenye kichwa cha bandani, kisha akapanda ofisini akazibadilisha vilevile. Umeme uliporudi, taa ya kijani ikawaka. Umeme hausomi rangi. Ilimradi pande zote mbili zimekosea kwa namna moja, yeye kwake ni sawa.

Kebo ile ilipita juu ya uwanja wa mama ntilie, ikiwa imenyooka vizuri, imekaza vizuri, na kimo chake kinafikika. Asubuhi ikawa imebeba kanga, mashuka na suruali ya jinzi iliyolowa. Jinzi iliyolowa ina uzito wa mtoto wa shule. Kichwa cha upande wa ofisini kikachomoka. Bahati mbaya alikuwapo kijana wa kompyuta kutoka mjini, msomi, aliyekuja kusalimia jamaa zake. Akaangalia rangi, akatikisa kichwa, akasema kazi hii imefanywa na watu wasiosoma, akafunga kichwa kipya kwa mpangilio wa kitabuni. Mtandao ukafa papo hapo. Akabadilisha kompyuta, akabadilisha swichi, akataka kubadilisha na mhasibu. Huku bandani kosa la mpwa lilikuwa limetulia kimya likimsubiri mwenzake.

Hilo lilipokwisha, tukafika kwenye mizani yenyewe.

Kreti ya kwanza ilipanda: kilo 36.5. Ofisini dada mhasibu akaona 36.5, akapiga makofi. Kreti ya pili ilikuwa 41.2. Kwenye kompyuta ikatokea ´±.² na kimya. Dada mhasibu ni mlokole wa kweli. Akainua mkono wa kulia, akasema mashine inanena kwa lugha, na kwamba tumwite mwenye karama ya kutafsiri.

Ya tatu, 59.3, ikaja safi. Ya nne, 47.8, ikanena. Watu wakaanza kukusanyika. Mzee mmoja wa BMU, kikundi cha usimamizi wa ufukwe, akasema kwamba banda lilijengwa bila kuwaomba wenyewe wa ufukwe, hivyo tutafute kuku. Mpwa akashauri tuzime tuwashe. Tukazima, tukawasha, ikanena kwa ufasaha zaidi. Vijana wa mwaloni walichora mstari ardhini wakaandika namba zinazopita na zisizopita, na kwa haki niseme utafiti wao ulikuwa mzuri: 0, 3, 5, 6 na 9 zinapita, 1, 2, 4, 7 na 8 hazipiti. Wakaamua zinazopita ni namba za bahati, na mikeka ya Jumamosi ikajazwa kwa kuzifuata.

Maelezo yake hayana jini. Mizani nyingi hutoka kiwandani zikituma kila tarakimu kwa biti 7, kisha zinaongeza ya nane ya ulinzi, ili jumla ya moja zote iwe shufwa. Hiyo ndiyo pariti. Seva yetu ilikuwa imepangwa kusoma biti zote nane kuwa ni herufi, bila pariti. Tarakimu ambayo moja zake tayari ni shufwa, kama 3 au 9, huongezewa sifuri, na seva haioni tofauti. Yenye moja za witiri, kama 4, huongezewa moja, na hiyo moja ya ziada inaigeuza kuwa alama isiyojulikana na mtu yeyote mwaloni. Mstari mmoja wa mipangilio ndio ulioleta mambo ya kuku na karama. Kati ya wote waliokuwapo, waliokaribia ukweli ni wale vijana wa mikeka.

Kurekebisha kosa hilo kungechukua muda wa kunywa chai, lakini tajiri alikuwa amesafiri na mizani ina menyu inayofungwa kwa nywila. Tukamsubiri, na kazi ikaendelea hivyo hivyo. Namba ikigoma, dada mhasibu anampigia simu karani wa bandani amsomee kwa mdomo kilichoandikwa kwenye kioo cha mizani. Simu haina desimali. Karani, mtu wa huruma, alikuwa akimalizia juu: 41.2 inapanda mwinuko ikiwa 42, na ikiwa ya shemeji yake, 44. Wavuvi si wajinga. Kreti ikisoma 39.6 mwenyewe anaomba kidogo, anaongeza samaki mmoja mdogo, anapima tena mpaka nne itokee. Nne ikawa ndiyo namba inayotafutwa Nkome nzima. Vijana wa mikeka walichekwa.

Tajiri akarudi, menyu ikafunguliwa, nikaondoa pariti, nikaweka biti nane. 41.2 ikaenda ofisini ikiwa 41.2. Dada mhasibu akamshukuru Mungu na kidogo akanishukuru na mimi. Bandani hakuna aliyeshukuru.

Jioni wakanifuata kwa mama ntilie: yule mzee wa BMU, karani na wavuvi wawili. Nikawaamkia, wakaitikia, wakaniagizia sato wa kukaanga bila kuulizwa. Mzee akaanza kwa mbali, akasifia kazi, akasifia elimu, kisha akasema, "Mwanangu, ile hali ya mwanzo haikuwa na ubaya wowote."

Nikawaambia haiwezekani, menyu ina nywila.

"Nywila si tatizo," karani akasema. "Tajiri ameibandika ubavuni mwa mizani asije akaisahau. Tunachoomba utuoneshe ni pale pa kubonyeza tu."