Kama Mnavyoona, Msikilizaji

Kuna neno limeingia redioni ambalo mkulima wa kijijini Mpui bado analitafakari: "kama mnavyoona." Mtangazaji yuko Dar es Salaam, kamera zimemzunguka, kajipodoa, kavaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Anacheka, mgeni wake anacheka, studio nzima hoi. Huku Mpui, juu ya mkokoteni wa mahindi, msikilizaji anaona mikia ya ng'ombe wawili.

Radio One ilipoanza mwaka 1994, na Clouds FM mwaka 1999, sauti ndiyo ilikuwa sura. Wasafi FM, iliyozaliwa 2019, ilikuta YouTube imeshakalia kiti cha mbele. Siku hizi kipindi kinarushwa hewani, kinakatwa vipande, kinapelekwa Instagram, na kesho yake vipande vilevile vinasomwa tena hewani kama habari "zinazotrendi". Ng'ombe nao hucheua, ila hao angalau huvuta mkokoteni.

Wenye redio tusiwalaumu sana. Tangazo hufuata macho, na mtandaoni macho huhesabika. Serikali nayo iliyaona macho hayo: kanuni za mwaka 2018 ziliwataka hata wenye redio za mtandaoni wakate leseni.

Mkulima ana dijitali yake. Redio yake ya sola ina tochi na tundu la memori kadi, iliyojazwa nyimbo kwa fundi simu pale senta.

"Tufuate kwenye ukurasa wetu!" sauti inahimiza.

Bando liliisha juzi. Anabonyeza kitufe, mtangazaji anakatika katikati ya kicheko, rumba inaanza.