Mti Mmoja, Mafundi Mtaa Mzima

Ukitaka kujua una majirani wangapi hapa Butembo, angusha mti. Ukifiwa, watu huja wakishaoga na kuvaa vizuri. Mti ukianguka wanakuja na taulo kiunoni, mswaki mdomoni, na kila mmoja ana la kusema.

Wangu uliangushwa na mvua ya usiku, ukaziba njia ya chooni. Sikuupanda mimi, nilinunua kiwanja nikaukuta, na miaka yote hiyo hakuna mpita njia aliyewahi kuuliza ni mti gani. Ulipolala chini tu, ukapata majina mengi kuliko mtoto wa chifu.

Wa kwanza kufika alikuwa muzee wa jirani, mwenye shamba la mikaratusi mlimani. Aliuzunguka, akautia teke dogo, akatoa hukumu: "Huu si mti." Simlaumu. Vilima vyote vinavyouzunguka mji huu ni mikaratusi; ndiyo inajenga nyumba, ndiyo inatengenezewa chukudu, zile baiskeli zetu za mbao, na ikishindwa kote huko inaishia kwenye gunia la makala, yaani makaa. Kwa muzee, chochote kisicho mkaratusi ni majani yaliyokosa adabu.

Kisha shemeji yangu wa Beni, aliyekuja kwa shughuli zake nyingine, akasogea. Malori ya mbao yanatoka Beni yanateremka Kasindi, yanavuka Uganda, mengine hadi Kenya, kwa hiyo mtu yeyote wa Beni aliyewahi kupitwa na lori lenye mbao ni mtaalamu. Alikwaruza gome kwa ufunguo, akaramba kidole, akatangaza: "Shemeji, hii ni libuyu. Umetajirika." Libuyu ni mbao nyekundu, huu ndani ulikuwa mweupe bila aibu. Nilipomwonyesha, akasema bado mchanga. Mchanga! Shina ambalo watoto wawili hawawezi kulikumbatia wakashikana mikono!

Mzee wa dawa za miti naye akaja. Huku kwetu gome lina historia: magome ya Prunus africana yamenunuliwa miaka na miaka kupelekwa Ulaya kutengenezewa dawa ya tezi dume, hadi mwaka 1995 biashara yake ikawekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa CITES. Yule mzee alibandua kipande, akanusa, akaondoka nacho. Jina la mti hakulitaja, kwaheri hakusema.

Nikaona nifanye kazi hiyo mwenyewe. Jani la mkaratusi ni moja moja, ukilisugua linanukia dawa ya kifua. La grevilea limepasuka pasuka, na upande wa chini linang'aa fedha. Huu ulikuwa na vijani vimepangwa jozi jozi kwenye kikonyo kimoja, na kimoja cha ziada nchani. Nikakata tawi kuangalia kama litatoa maziwa, maana mti wenye maziwa meupe siuleti jikoni bila kuujua. Utomvu wa mnyaa, kwa mfano, ukiingia jichoni unaweza kukupofusha. Maziwa hayakutoka. Ilitoka harufu ya kitunguu saumu.

Waliomaliza kesi ni watoto. Walikuwa juu ya matawi yaliyolala, wanachuma vichipukizi vya maua ya rangi nyekundu ya machungwa, wanaviminya, maji yanaruka hadi usoni kwa mwenzao. Mti huu wanaujua toka zamani, ila wanaujua kama bunduki ya maji. Yale madoa ya manjano kwenye shati nyeupe za shule, ambayo mama zao wanayafikicha kila Jumamosi bila kujua yametoka wapi, yametoka hapa. Maua hayo, maganda yanayopasuka kama mitumbwi na kutoa mbegu zenye mabawa ya karatasi, na kile kitunguu saumu: Spathodea campanulata. Watanzania wanauita kibobakasi.

Ni mti mzuri sana wa kuangalia. Kwa kuni, hauna maana. Ni laini, umejaa maji, na moto unaukataa. Nilimwambia hivyo mama watoto. Akanijibu: "Baba, kuni ni kuni. Maharage hayasomi vitabu."

Nakubali ana sababu. Makala yanapanda bei mvua ikiharibu barabara, na barabara ikikauka yanapanda kwa mazoea. Virunga ni hifadhi tangu 1925, hairuhusiwi kukata. Misitu ya upande wa Beni watu wanaogopa kuingia, kwa sababu ya usalama mbaya. Basi nikachukua shoka.

Mkaratusi unapasuliwa ungali mbichi, maana ukikauka unakuwa mgumu na kukucheka. Huu haukuwa na mlio wowote. Shoka lilizama kama kidole kwenye bugali, na kulichomoa ikawa kazi ya pili. Maji yakachuruzika kwenye mkato. Mti mbichi unaweza kuwa nusu ya uzito wake maji, na ukiutia mafigani moto unachemsha maji hayo kwanza ndipo ukumbuke sufuria. Dawa ni kupasua vipande vyembamba, kuvipanga juu ya magogo visiguse udongo, kufunika juu na kuacha ubavuni upepo upite, kisha kungoja miezi. Kuni kavu ukizigonga zinalia. Mbichi zinanung'unika, kama mimi. Lakini ungoje miezi na maharage ya leo? Mama watoto alichukua vipande kabla sijamaliza kupanga. Ncha zikatoa povu, zikapiga mluzi, jiko likajaa moshi, na lawama nikapewa mimi.

Kinachoniuma zaidi ni biashara yenyewe ya kubadilishana miti. Mkaratusi, grevilea na ule mwakasia mweusi, Acacia mearnsii, unaowaka vizuri sana, yote asili yake ni Australia. Yaani sombe la Butembo linaivishwa na Waaustralia. Na wao kutoka Afrika wakachukua nini? Kibobakasi, kwa ajili ya maua! Sasa Queensland wameutangaza magugu, na upo kwenye ile orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani iliyotolewa mwaka 2000. Mwakasia mweusi nao umo. Ningekuwa mimi, ningeuita mkutano tubadilishane upya.

Vile vipande vilivyobaki nilivipanga vizuri nyuma ya choo. Shemeji mwenyewe alinisaidia, kwa sharti kwamba vile virefu tuvisimamishe ardhini, eti mbao hukauka zikiwa wima. Mvua imenyesha. Vimechipua majani, jozi jozi, na kimoja nchani. Jana shemeji amepiga simu kutoka Beni anauliza mteja wa libuyu aje lini.