Mtoto, uma na sahani pana: namna ya kwenda Masaki na familia

Kwanza mlishe kabla hamjatoka nyumbani. Ugali na maharage, ashibe hasa. Huko mnakokwenda yeye haendi kula, anakusindikiza wewe uliyechoka kula jioni mbele ya katuni.

Meza iwe ya saa kumi na mbili, saa ambayo hakuna mtu mwenye heshima zake anayekula Masaki. Wahudumu ndio kwanza wanapanga uma, na mashahidi ni wachache. Kama mnatoka Upanga kama sisi, piteni Daraja la Tanzanite: kilomita moja na ushei juu ya bahari, na maswali yote yatahusu samaki badala ya "tunafika lini?"

Njiani mwandae kidogo. Mweleze kwamba wanaogawa nyota kwa migahawa mikubwa duniani ni Michelin, kampuni ya matairi ya Ufaransa. Walianza na kitabu cha wenye magari mwaka 1900, nyota zikaja 1926. Mwanangu wa miaka minne alilielewa hilo papo hapo, akataka kujua tairi la bajaji lina nyota ngapi.

Mkifika, chagua meza ya karibu na mlango. Bahari hutaiona hata hivyo. Utakuwa chini ya meza. Glasi, mshumaa na ua lililo peke yake kwenye chupa visogeze mbali, halafu visogeze tena, kwa sababu mkono wa mtoto wa mwaka mmoja na nusu hurefuka ukikaribia kioo. Kile kitambaa cheupe kilichokunjwa kama jahazi usihangaike kumfunga shingoni. Binti yangu alikigeuza mbeleko, akambeba kijiko mgongoni mpaka tunaondoka.

Menyu isome kimoyomoyo. Ukitamka "pweza", atataka kumwona. Mhudumu akikuita bosi, muombe alete vyote kwa pamoja. Mtindo wa sahani moja baada ya nyingine Wafaransa waliuchukua kwa Warusi karne ya 19, na sina shaka Warusi wale watoto waliwaachia yaya.

Kisha sahani inakuja. Nyeupe, pana kama ungo, na katikati yake kipande cha changu kinachoenea kwenye kiberiti, kimezungukwa na matone matano ya kitu cha kijani. Mwanangu aliikagua, akainua kichwa, akauliza kwa sauti ya kondakta wa daladala: "Anko, nani amekula hiki?"

Uma zilisimama hewani. Mhudumu, aliyefundishwa kujibu maswali ya mvinyo, aligeuka kutazama jikoni kana kwamba naye anataka kujua. Meza ya jirani mzee mmoja wa suti alicheka mpaka akavua miwani. Nadhani swali lile alikuwa amelimeza tangu aingie.

Hapo usiombe radhi. Omba radhi kwa maji yaliyomwagika, kwa mayowe, kwa mkate uliorushwa, na mabaki yaliyo chini ya kiti yaokote mwenyewe, maana mhudumu hakuajiriwa kuwa yaya wako. Lakini kwa swali la haki, nyamaza tu, na ukiweza, subiri jibu. Sisi tulijibiwa kwamba ndivyo mpishi alivyokusudia. "Pole yake," akasema mwanangu.

Kitindamlo kiruke. Bili italetwa ndani ya kijaluba cha ngozi, imefunikwa kama habari ya msiba. Lipa haraka na umtafute mwenye kiatu kimoja.

Tuliporudi Upanga tulisimama kwa muuza chipsi wa mtaani kwetu, tukaagiza zege. Lilikuja kwenye sahani ya plastiki, limejaa hadi pembeni, kachumbari juu. Mwanangu, pamoja na ugali wote ule wa alasiri, alilitazama, hakuuliza chochote, akala.