Baraza Isiyo na Wateja

Pale Jaws Corner, Mji Mkongwe, habari hazitafutwi. Unakaa barazani na kikombe chako cha kahawa, zinakujia zenyewe: nani kasema nini, nani kafungwa mabao mangapi. Intaneti nayo ina baraza yake tangu 1999, jina lake RSS. Unaweka programu ya kusomea milisho kwenye simu, unaipa anwani ya tovuti uipendayo, na kila andiko jipya linakufikia kwa zamu yake, bila mtu kukuchagulia wala kukuuliza umezaliwa lini.

Lakini sisi, mashaallah, raha hatuitaki. Tunaingia Facebook kutafuta habari moja, tunapewa harusi za watu tusiowajua, dawa za nguvu za kiume na ugomvi wa mwaka juzi. Habari yenyewe (ile ya bei ya mchele) hatuioni. Hata Google walikuwa na programu yao ya kusomea milisho ya RSS, Google Reader; wakaifunga Julai 2013, wakasema watumiaji wamepungua.

RSS bado ipo, na ni bure. Basi ami yangu, kabla hujatusambazia tena kwenye WhatsApp habari ya juzi ukaiita "ya sasa hivi", jaribu RSS kwanza.