Köln kwa Saa Moja

Miongoni mwa wasafiri wa treni barani Ulaya limo kundi linalohesabu kuwa limeutembelea mji kila linapobadilisha treni, na kwa kundi hilo Köln, nchini Ujerumani, ni neema tupu, kwa kuwa kanisa lake kuu limesimama hatua chache tu kutoka mlango wa stesheni. Ujenzi wa kanisa hilo ulianza mwaka 1248, ukakwama katika karne ya 16 huku kreni ya mbao ikiachwa juu ya mnara kwa zaidi ya miaka 300, na haukukamilika hadi 1880. Mgeni hulimaliza kwa dakika kumi, tano kati ya hizo akiwa amepiga magoti uwanjani, si kwa ibada, bali kwa sababu minara ya mita 157 haienei kwenye picha ya simu. Ndani limo sanduku la dhahabu linaloaminiwa kuhifadhi mifupa ya Mamajusi, yaani wale wataalamu wa nyota waliosafiri kutoka mashariki bila ratiba, ambao hata hivyo hutengewa muda mfupi kuliko foleni ya soseji. Ngazi 533 za mnara wa kusini huahirishwa kwa heshima zote. Daraja la Hohenzollern, lililosheheni makufuli ya wapenzi, hutazamwa dirishani treni ikishaondoka. Jioni, akiulizwa Berlin kuhusu Köln, msafiri huyo hujibu kwa uzito wa mwenyeji kwamba mji ni mzuri, ila una upepo.