Sifa za Gari Lililokatwa Kichwa

Waliosifu magari karibu wote wamesifu injini: nguvu yake, mngurumo wake, mbio zake. Sifa hizo zimewekwa pasipo pake. Injini ndiyo inayokunywa mafuta, inayochemka kwenye foleni ya Darajani na kumtuma mwenye gari akahangaikie spea kwa jamaa walioko Dubai. Rejeta, gasketi, klachi, stata: maradhi makubwa ya gari yanakaa mbele ya kiti cha dereva. Nyuma ya kiti kuna sanduku, springi, ekseli na tairi mbili, na kundi hilo halina la kulalamikia ila pancha. Kwa hiyo Landrova kuukuu iliyokatwa nyuma ya dereva, ikatiwa mti wa kuvutia na kufanywa tela, isiitwe mabaki. Hilo ni gari lililopona.

Nimeitaja Landrova kwa makusudi, maana ni vigumu kupata gari lililozaliwa tayari kwa msumeno kama hilo. Ilipooneshwa Amsterdam mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, basi bodi ikafanywa ya aluminiamu na chesisi ikabaki ya chuma. Kwa walioiunda lilikuwa jambo la dharura. Kwa mtu wa Unguja ni wasia. Kisiwa hiki hakina kijiji kilicho mbali na bahari zaidi ya kilomita 20, na upepo wa chumvi hauchagui mlango. Chesisi ya Landrova ina uwazi ndani; matope na unyevu hupenya, hutulia, na chuma huliwa kuanzia ndani huku rangi ya nje ikiendelea kung'aa. Siku nyundo ya fundi inapozama, bodi juu yake bado nzima, ila kwa ule unga mweupe unaoota kwenye ribiti pale aluminiamu ilipogusana na chuma. Fundi huitupa chesisi, huchomelea fremu mpya ya chaneli, huchomoa shafti za ekseli ili magurudumu yazunguke bila kuisumbua difu, kisha hulipandisha sanduku mahali pake. Mlango wa nyuma, akiwa na akili, hauondoi: ukishushwa ukaning'inia kwa minyororo yake miwili, unakuwa meza ya kutosha mafungu ya muhogo na madafu kadhaa, na muuzaji wa Mwanakwerekwe hana kodi ya kibanda juu yake. Atakayesema kwamba huku ni kuidhalilisha Landrova akumbuke kuwa gari la majaribio la 1947 lenyewe lilijengwa juu ya chesisi ya jeep ya Kimarekani. Iliyoanza maisha kwa kuvaa mifupa ya mwenzake haina haki ya kununa ikivuliwa. Kufa kufaana.

Ng'ambo, mitaa inayotazamana na Mji Mkongwe, haihitaji kufundishwa haya. Gari la ng'ombe linalopita na mchanga, matofali au kuni, ukiinama ukalitazama chini, utakuta ekseli ya gari la zamani na tairi za mpira. Mbele amefungwa ng'ombe mwenye nundu, ambaye hujaza mafuta kwa kuinamisha shingo pembeni mwa njia. Daladala za bodi ya mbao ni hoja ile ile kwa upande wa pili: lori lilikuja kwa meli, na seremala wa hapa akalijengea paa na mabenchi. Huku kwetu hakuna aliyeamini hata siku moja kwamba gari ni kitu kimoja. Ni vitu viwili vilivyooana, na talaka inaruhusiwa. Upande wa pili wa barabara, Mji Mkongwe uliingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Sanduku la Landrova linalodumu bila lipu wala wafadhili halijapata hata kibao.

Watasema tela ni baya la sura. Ni kweli, tuendelee. Pingamizi lenye uzito ni kwamba likirudishwa nyuma linaasi. Ukikata usukani kulia, lenyewe linakwenda kushoto. Ukizidisha, linajikunja na kuligonga ubavuni gari linalolivuta. Katika vichochoro vya Mwembetanga au Kikwajuni, ambako nyumba zilitangulia na njia ikapewa kilichobaki, dereva aliyeingia bila kufikiri atalifungua tela na kulisukuma kwa mikono mbele ya watoto wote wa mtaa. Lakini tupime kosa ni la nani. Tela lina tabia moja na halijawahi kuificha: hugeuka kwenye kiungo chake. Asiyetabirika ni mwenye usukani. Hata kupepesuka kwa tela barabarani ni ukweli mtupu. Mzigo ukirundikwa nyuma ya ekseli, mkia hushuka, ndoano hunyanyuliwa, na tela huanza kucheza. Ukisogezwa mbele hadi kama sehemu moja ya kumi ya uzito ikaegemea ndoano, hutulia. Gari zima humvumilia mpakiaji mzembe miaka mingi. Tela humjulisha siku hiyo hiyo, kabla hajafika Amani.

Wapenda sheria watauliza kama kitu hiki kinastahili barabara. Kinastahili kuliko kilivyokuwa na kichwa chake. Mkataba wa Vienna wa 1968 unataka tela liwe na viakisi viwili vyekundu vya pembetatu kwa nyuma, ili anayekuja usiku ajue mbele yake kuna kitu kinachovutwa. Unataka taa na indiketa. Tela dogo lisilozidi kilo 750 pamoja na mzigo haulisumbui kwa breki, mradi gari linalovuta liwe na uzito wa kutosha na pawe na mnyororo wa akiba ndoano ikikatika. Fundi mchomeleaji na fundi umeme wanayamaliza hayo bila kugombana. Halina moshi wa kupimwa, halina honi, halina mbio zake lenyewe za kukamatiwa. Niambie chombo kingine barabarani ambacho hakijawahi kutamani kumpita mwenzake kwenye kona. Watu wote wanagombania usukani. Hiki kimeridhika kufuata.

Limebaki pingamizi la wizi. Anayeiba gari anahitaji ufunguo, betri yenye moto na mafuta ndani ya tangi. Tela halimwombi chochote: linaondoka na yeyote mwenye ndoano, kwa utiifu ule ule niliousifu hapo juu. Kwa hilo sisi watetezi wake hatuna hoja. Tuna tofali mbele ya kila tairi, kufuli nene kwenye kiungo, na ufunguo chini ya mto.